Karanga Mezani kwa Mama Loretta

Mama Loretta, mama yangu wa Vällingby,

Nimeolewa. Nimetaka neno hilo litangulie hata salamu, kwa sababu wewe ndivyo ungefanya: mlango haujafungwa vizuri, koti langu lina theluji mabegani, na tayari unauliza kutoka kitini mwako kama kuna habari au hakuna. Habari ipo. Nimeolewa na Daudi, hii ni wiki ya tatu, na kila asubuhi naamka kabla yake nimtazame tu. Analala mdomo wazi kama mtoto aliyechoka kucheza. Nacheka peke yangu chini ya blanketi, kisha naona aibu, kisha nacheka tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua. Kiswidi changu kwako kilikuwa cha dawa, cha soksi na cha saa ya kula. Ulipoona nimekwama uliniambia niseme tu kwa lugha yangu, wewe utaelewa kwa sauti. Basi leo nasema kwa lugha yangu. Na barua hii naiacha wazi, kwa sababu watu wa kanisani kwetu Rågsved wananiuliza yule bibi Mmarekani alikuwa nani wangu hasa, na sijui kuwajibu kwa sentensi moja.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ilikuwa Novemba, ule mwezi ambao jua la hapa linaaga kabla halijasalimia. Nilikuwa mgeni katika kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na wenzangu walikuwa wamenionya juu yako. Walisema unawafukuza wasaidizi, huli, hujibu. Nilipanda treni ya kijani kutoka Rågsved mpaka Vällingby nikiomba Mungu njia nzima. Nikakukuta umekaa dirishani, mwembamba, mweusi kama shangazi yangu, nywele nyeupe umezifunga kitambaa cha njano. Hukuniambia niingie wala nitoke.

Nilipoinama kukuvua viatu, ukavuta pumzi kwa nguvu. Ukaniuliza nina nini mfukoni.

Nilidhani nimekamatwa. Mfukoni mwa koti nilikuwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki, bado zina uvuguvugu, chakula changu cha mchana ambacho nilipanga kukila njiani. Nikakwambia ni karanga. Ukaniuliza, zimekaangwa au zimechemshwa? Nikasema zimechemshwa, na maganda yake, na chumvi. Ukanyoosha mkono bila neno lingine. Nikakuwekea moja kiganjani, nikangoja uilalamikie.

Hukuipasua. Uliiweka mdomoni nzima, na ganda lake, ukanyonya kwanza yale maji ya chumvi, macho umefumba. Ndipo ukaifungua kwa meno. Mama, mimi nikabaki na kiatu chako mkononi. Katika miaka yangu yote Sweden sikuwahi kumwona mtu nje ya watu wetu anayejua kwamba karanga ya kuchemsha hunyonywa kwanza. Hapa karanga ni kavu, zina chumvi, zinatoka kwenye kopo, wanakula na bia. Wewe ulijua. Nilikutazama kama ninayemtazama mtu wa kwetu Uvira, Kongo, aliyepotea njia.

Ulikula zote. Mimi nilifanya kazi na njaa mpaka jioni, na sijawahi kuwa na njaa tamu kama ile.

Kuanzia siku hiyo nilikuchemshia kila wiki. Nyumba ilijaa mvuke, vioo vya dirisha vikawa vyeupe, Vällingby ikapotea nje, na wewe ukaanza kunisimulia Georgia, kwenu Marekani. Nilikuwa nakukanda miguu huku nasikiliza. Wakati mwingine sijui kama nilisikia au niliota.

Uliniambia kwamba mlipong'oa karanga, mlizirundika shambani kuzunguka nguzo ndefu za miti ili zikauke, rundo baada ya rundo, na jioni yale marundo yalionekana kama watu wamesimama kwa utulivu, wanangojea kuitwa majina yao. Ulipokuwa mdogo uliwasalimia mmoja mmoja ukipita. Uliniambia juu ya Jumamosi mjini, mbele ya jengo la mahakama, wauzaji wa karanga za kuchemsha na mifuko ya karatasi iliyolowa chini, lazima uikinge kwa mkono isipasuke. Dada yako alipasukiwa na mfuko akiwa na gauni lake jipya, akakaa palepale kwenye vumbi akala karanga zote kwanza, ndipo akalia.

Na baba yako! Nilimpenda baba yako kabla sijajua mwisho wa hadithi yake. Uliniambia alivyokuwa akirudi na gari kutoka kwenye kinu cha pamba, mikono imejaa grisi. Alinunua soda ya chupa, akanywa mafunda mawili, akamimina karanga za chumvi ndani ya chupa yenyewe. Akawa anakunywa na kutafuna kwa pamoja, ili mikono michafu isiguse chakula, na mkono mmoja ubaki kwenye usukani. Sikukuamini. Nikanunua chupa dukani tukajaribu, povu likapanda likamwagika mpaka kwenye blanketi lako, tukainywa hivyohivyo. Tamu na chumvi. Ulisema wanaume wote wa kwenu walikunywa hivyo miaka ya hamsini, weusi kwa weupe, ila hawakunywea mahali pamoja.

Ulisema mambo ya namna hiyo bila kubadilisha sauti. Kama ile habari ya sinema. Watu wenu waliketi juu kabisa, roshani, kwa sheria, na juu huko ndiko kulikokuwa na karanga, sakafu nzima maganda yanalia chini ya viatu. Nikakuuliza kama iliuma. Ulifikiri kidogo, ukasema filamu ilionekana vizuri kutoka juu, na kwamba dada yako alikuwa na shabaha nzuri sana ya kurusha maganda. Halafu ukanisogezea mguu wa pili, nikaendelea kukukanda.

Siku nyingine zilikuwa za kucheka tu. Mikate ya shule iliyopakwa siagi ya karanga na jemu mpaka ikanata kwenye kaakaa, mwalimu anauliza swali na darasa zima haliwezi kufungua mdomo. Mpira wa Jumapili, muuza karanga anarusha mfuko kutoka ngazi ya chini mpaka kwa mteja safu ya kumi, haukosi hata siku moja. Sukari ya Krismasi iliyoungua na karanga ndani, ngumu kama kioo. Nilikuwa narudi Rågsved kwenye treni na kichwa kimejaa Georgia, nikitazama watu walivyokaa kimya na simu zao, nikawahurumia kwamba hawaijui.

Sasa nikukumbushe kosa langu, maana ndilo lililonipa mume.

Zile karanga nilizipata kwenye duka la maua na vifaa vya bustani, karibu na stesheni yako. Zilikuwa kwenye magunia, na maganda yake, mbichi kabisa, na bei nafuu. Neno la karanga liliandikwa kwa herufi kubwa nikalisoma, maneno madogo sikuhangaika nayo. Juu ya gunia palikuwa na picha ya ndege mdogo mwenye kifua cha njano. Sikuona ajabu. Kwetu kopo la nyanya lina jogoo, mfuko wa unga una tembo, na hakuna aliyewahi kudhani ni chakula cha tembo. Basi majira yale yote ya baridi, theluji ikiwa imefika madirishani, nilibeba gunia baada ya gunia.

Mwezi wa Machi kijana wa dukani alinisikia naongea na shangazi kwa simu. Nilipokata, akanisemesha kwa Kiswahili cha kusitasita, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akasema samahani dada, amekuwa akitaka kuuliza, ndege wangu ni wangapi?

Nikamwambia sina ndege. Naishi ghorofa ya nne.

Akatazama gunia. Akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kabisa, "Sasa nani anakula?"

"Mimi," nikasema. "Na bibi mmoja."

Mama, hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka mpaka nikae chini. Yeye aliligeuza gunia polepole, akaweka kidole chini ya maneno madogo, akanisomea kwamba ni chakula cha ndege wa porini wakati wa baridi. Kisha akanyanyua gunia akalirudisha mahali pake, akasema duka la Waasia mjini wanauza karanga mbichi za watu, na yeye anamaliza kazi saa tisa, kama sitajali anaweza kunionyesha. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilijali nini? Ningeenda naye mpaka mwisho wa reli.

Nilikuja kwako mbio kukuomba msamaha kwamba nimekulisha chakula cha ndege majira mazima. Ulicheka mpaka nikakushika kifua. Ukasema kwenu baada ya mavuno nguruwe waliachiwa shamba wale karanga zilizosalia ardhini, na nyinyi watoto mliwafuata nyuma mkiokota walichoacha. "Kutoka kula nyuma ya nguruwe mpaka kula nyuma ya ndege," ulisema, "mimi nimepanda cheo." Halafu ukaacha kucheka ukaniuliza kijana mwenyewe yukoje.

Nilikusimulia mpaka nikachelewa kwa mzee wa pili. Kwamba mama yake ni mtu wa Tanga, alifariki Daudi akiwa kidato cha kwanza. Kwamba baba yake ni Mswidi aliyehamia kaskazini na familia nyingine. Kwamba Waswidi wanamwita David na anageuka, lakini nikimwita Daudi anageuka mwili mzima. Kiangazi kile tulitembea kando ya maji kule Hässelby mpaka viatu vikaisha soli. Aliniuliza majina ya vitu kwa Kiswahili, vile vyote ambavyo mama yake hakuwahi kumfundisha, akayarudia kwa sauti ndogo kama anaficha hazina. Nilijua tayari. Nadhani nilijua pale alipoligeuza gunia.

Shangazi alikataa.

Wewe unajua Shangazi Ester ni nani kwangu, lakini watakaosoma hawajui. Ni dada ya baba yangu. Alinibeba mgongoni kutoka Uvira tulipokimbia, akanilea kambini Kigoma, akasuka mikeka ili nisome sekondari, akanileta mpaka Stockholm. Sina mwingine. Nilipomwambia habari za Daudi aliniuliza swali moja kwa Kiswahili cha kwetu: "Uyu kijana eko na wazee wapi?" Nikasema hana wazee, mama amekufa, baba yuko mbali na hajali. Akasema basi yeye ataketi na nani kuzungumza posa? Watu hawaoani wawili, zinaoana nyumba. Siku tutakapogombana atamshtaki Daudi kwa nani? Mti usio na mizizi, alisema, hauhitaji hata upepo. Na mwisho akasema neno ambalo liliniondolea usingizi: nikiolewa na mtu asiye na watu, nisimhesabu yeye kati ya watu wangu.

Nilikuja kwako Oktoba nimevimba macho. Nikakwambia nitaenda kufunga ndoa ofisini, mimi na Daudi tu, na shangazi atakuja kusikia. Nilidhani utanipongeza, wewe uliyevuka bahari kwa ajili ya mapenzi. Badala yake ukaniambia nizime jiko niketi.

Ndipo uliponimalizia hadithi ya baba yako. Uliniambia juu ya Nils wako, Mswidi, fundi wa mashine melini, mlivyokutana bandarini Savannah, na kwamba sheria ya kwenu haikumruhusu mwanamke mweusi kuolewa na mzungu, mngefungwa wote wawili. Mkapanga kuondoka. Asubuhi ya kuondoka ulimkuta baba yako barazani anabangua karanga za mbegu. Kila mwisho wa majira ya baridi mlizibangua kwa mikono, nyumba nzima, kwa sababu mashine huvunja ngozi na mbegu iliyochubuka haioti. Ulisimama mbele yake na sanduku lako. Hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea. Ulingoja, ukamwona hainui, ukakasirika ukaondoka. Ulimwandikia miaka yote, majibu yalikuwa ya dada yako. Kisha dada yako akaandika kwamba amezikwa.

"Simjutii Nils hata siku moja," ulisema. "Najutia kwamba sikuweka sanduku chini nikaketi. Palikuwa na kiti. Beseni lilikuwa katikati. Ningeketi nikabangua mpaka azungumze, hata kama meli ingeniacha."

Nikakwambia Shangazi Ester hataki hata kumwona Daudi, ataketi naye vipi? Ukauliza kwetu kijana anapokuja kuposa inakuwaje. Nikakueleza ya nyumbani kwetu: anakuja na wazee wake, na kina mama wa upande wa binti wanamweka katikati, wanampa karanga za mbegu abangue nao. Wanamchunguza mikono wakati wazee wanaongea. Ulinitazama kama niliyekuficha jambo. Ukasema kumbe ni kazi ileile. Ukasema wewe una miaka themanini na mmoja, na kama Daudi amekosa mzee, mzee gani tena anatafutwa?

Ilichukua mpaka Januari. Shangazi hakuja kwa ajili ya Daudi. Alikuja kwa ajili yako, kwa sababu nilimwambia bibi ninayemhudumia ni mgonjwa na anaomba kumwona aliyenilea, na shangazi hawezi kumkatalia mgonjwa. Hilo nililificha nusu, Mungu anisamehe. Alipoingia akamkuta Daudi na suti, alinitupia jicho ambalo ningeweza kupikia chai. Lakini ulikuwa umeshamshika mkono. Ukamketisha ng'ambo ya meza, ukamketisha Daudi upande wako, ukanituma beseni.

Ulimwambia kwa Kiswidi, nami nikatafsiri, kwamba wewe ni upande wa bwana arusi. Kwamba wewe umemzidi umri kwa hiyo akuamkie. Shangazi alishangaa, kisha midomo yake ikacheza kidogo, akakuamkia, "Shikamoo." Nikakunong'oneza la kujibu. Ukalitamka vibaya sana, na kwa fahari.

Halafu kazi. Tulibangua. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu nje, na ndani hapakuwa na sauti ila maganda. Nilitazama mikono yako, imepinda kwa baridi yabisi, inapasua kila ganda kwa kidole gumba mahali palepale anapopasulia shangazi, pale kwenye ncha. Mlikuwa mnaenda pamoja bila kujua. Nikahisi kama meza ile imewekwa katikati ya shamba, na yale marundo yako ya Georgia yamesimama pande zote yanatusikiliza.

Ila Daudi. Masikini mume wangu. Alikuwa anazipasua kama anavunja vibiriti. Karanga zikatoka nusu nusu, ngozi zimechubuka, nyingine zikaruka chini ya kabati. Alitoka jasho. Kila ilipovunjika moja nilimwona shangazi anafumba macho. Nikamwambia shangazi kwa sauti ndogo kwamba hizi ni za mchuzi tu, si mbegu. Akasema, "Hata kama."

Shangazi alivumilia labda robo saa. Kisha akasukuma kiti chake, akazunguka meza, nikadhani anaondoka. Akasimama nyuma ya Daudi, akamshika mikono yote miwili kutoka juu ya mabega yake, kama alivyonishika mimi nilipokuwa na miaka sita. Akasema, "Hapa. Bonyeza hapa, usikamue. Unaisikiliza kwanza." Daudi akabonyeza. Ikafunguka, na karanga mbili zikatoka nzima na ngozi zake nyekundu. Akageuka kumwonyesha, na uso wake, Mama, ulikuwa uso wa mtoto aliyeonyesha daftari nyumbani baada ya miaka mingi ya kukosa wa kumwonyesha. "Moja si kazi," shangazi akamwambia. "Ongeza."

Hakusema ndiyo. Alipovaa koti nilimuuliza, akajibu tutaona. Lakini wewe ulinikonyeza. Ulisema mtu akishakufundisha kazi ya nyumbani kwake, amekwisha kukukaribisha, hata kama mdomo wake haujapata habari.

Mwezi wa Machi wewe ukatutoka. Ulikuwa usingizini, walisema, na niliwaamini kwa sababu nilikuona, ulikuwa umelala kama mtu anayesikiliza. Tulikuzika karibu na Nils wako. Shangazi alikuja, akasimama nyuma, hakuongea na Daudi wala na mimi. Tukatangaza harusi Jumamosi moja ya Mei, na nilipomwambia tarehe alisema amesikia. Neno hilo tu. Wiki mbili sikujua kama naolewa nikiwa na mtu au nikiwa yatima kwa mara ya pili. Daudi alisema tungoje, hata mwaka, hata miwili. Nilimpenda zaidi kwa hilo, lakini nilikukumbuka na kile kiti, nikasema hapana, tutaketi palepale mpaka aje.

Basi sikiliza harusi yako.

Tulifanyia katika ukumbi tunaosalia Rågsved. Upande wangu ulijaa mpaka watu wakasimama: kina mama wote wa kanisa, Wakongo, Warundi, Wakenya wawili, na vitenge vya rangi zote, na watoto wanaojibu kwa Kiswidi. Upande wa Daudi palikuwa na wenzake watatu wa dukani, na kiti kimoja cha mbele ambacho tulikiacha kitupu kwa ajili yako. Shangazi hakuwepo. Mchungaji alinitazama, nikamwashiria aanze. Nilikuwa na gauni jeupe na maua mkononi na nilihisi baridi mgongoni pale ambapo aliwahi kunifunga kwa kitenge chake.

Mlango ukafunguka wakati wa wimbo wa pili. Aliingia bila haraka, na kitenge kipya cha bluu, na kilemba kirefu. Kina mama wakasogea kumpa nafasi, mmoja akainuka kabisa. Akawapita. Akavuka ukumbi mzima mbele ya watu, viatu vyake vinasikika, akaenda kuketi upande wa Daudi, kwenye kiti chako.

Minong'ono ikapita. Mama mmoja akamwita, Shangazi, bibi arusi yuko huku. Akajibu bila kugeuka, "Huko mmejaa. Huyu hana mtu."

Daudi alijaribu kusimama wima akashindwa, akajipangusa uso kwa mkono wa koti. Mchungaji akangoja, akauliza lile swali linaloulizwa, nani anamtoa binti huyu. Shangazi Ester akainuka pale upande wa bwana arusi.

"Mimi nimemlea, mimi ninamtoa," akasema. Kisha akamwekea Daudi mkono kichwani. "Na mimi huyuhuyu ninampokea."

Sikumbuki viapo, Mama. Daudi anasema nilitamka vizuri. Nakumbuka mkono ule tu, na vigelegele vilivyofuata, na jua la Mei lililoingia dirishani kama lilikuwa limeomba ruhusa ya kukaa mchana mzima.

Sasa tunaishi Hässelby, vyumba viwili, na balkoni inayotazama misonobari. Leo ni Jumapili. Shangazi yuko jikoni kwetu tangu asubuhi na anamgombeza mume wangu juu ya chumvi. Yeye anajitetea kwa Kiswahili chake cha mawe mtoni. Nimemsikia shangazi akimwita mwanangu, katikati ya hasira, bila kugundua. Nimeingia mara moja kumtetea, nikagombezwa mimi pia, nikafukuzwa nirudi huku mezani nimalize barua yangu. Naandika polepole makusudi, niendelee kuwasikia.

Lala salama, wewe uliyekuwa wazee wote wa Daudi.

Ni mimi binti yako wa karanga,
mke wa Daudi, mtoto wa Ester